Feminazi ni tusi, Beijing si tusi

Swali huja hivi: je, neno "feminazi" ni tusi lenyewe kwa lenyewe, au hutegemea nani kalisema, kamwambia nani na kwa sauti gani? Anayelirusha mtandaoni husema ni utani tu, au husema hawalengi wafeministi, yaani watetezi wa usawa wa wanawake na wanaume, wote bali wale waliopitiliza. Anayerushiwa husema limemuuma. Mimi naliona ni tusi hata likisemwa kwa tabasamu, ila sababu ya "linauma" ndiyo dhaifu kuliko zote. Watu hawaumii sawasawa. Wapo wanaokasirika kuitwa wafeministi tu, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo "mfeministi" ni tusi. Hoja iliyojengwa juu ya maumivu, mbishi wa kwanza ataiangusha. Inabidi neno lenyewe lifunguliwe tuone ndani mna nini.

Limeungwa kwa vipande viwili: mwanzo wa neno la Kiingereza la mfeministi, na Nazi, chama cha Hitler. Aliyelieneza ni Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa Marekani ambaye kipindi chake kilianza kusikika nchi nzima mwaka 1988. Mwenyewe alisema kalipata kwa rafiki yake Tom Hazlett, profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 alijitetea kwamba halimhusu kila mfeministi. Ni la wale tu ambao, kwa madai yake, jambo kubwa maishani mwao ni kuona mimba nyingi iwezekanavyo zinatolewa, na akasema Marekani nzima hawafiki 25.

Hiyo 25 inasema mengi. Watu wasiofika 25 hawahitaji jina la jumla, wangetajwa mmoja mmoja na habari ikaisha. Jina la jumla hutengenezwa ili libandikwe, na hili limebandikwa kweli. Lilitoka kwenye suala la mimba likaenda kwa mwanamke anayedai mshahara sawa, kisha kwa anayelalamikia bosi anayemshikashika, na leo kwenye mitandao ya Nairobi na Dar es Salaam huitwa hivyo hata mama anayemdai baba wa mtoto matunzo. Mama huyo huenda hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa ufeministi.

Sasa tazama tuhuma iliyomo. Mnazi si mtu mkali, wala si mkorofi au mbishi. Mnazi ni mfuasi wa chama kilichoua Wayahudi wapatao milioni 6. Kwa hiyo neno halisemi "umezidisha". Linasema wewe ni wa kundi moja na wale, na historia yenyewe inakwenda kinyume kabisa.

Wanawake wa Ujerumani walipata haki ya kupiga kura Novemba 1918. Januari 1919 wakapiga, na wanawake 37 wakachaguliwa kuingia bunge la kutunga katiba. Tarehe 19 Februari Marie Juchacz akawa mwanamke wa kwanza kulihutubia. Chama cha Nazi kiliwafungia wanawake nje ya uongozi wake tangu 1921, na hakikumpeleka hata mwanamke mmoja bungeni. Hitler alishika serikali Januari 1933. Mwezi Mei shirikisho kuu la vyama vya wanawake, Bund Deutscher Frauenvereine, likajivunja lenyewe ili lisimezwe na chama. Wafeministi Anita Augspurg na Lida Gustava Heymann, ambao mwaka 1923 walikwenda kuiomba serikali ya Bavaria imrudishe Hitler kwao Austria, walikuwa safarini nje ya nchi alipoingia madarakani. Hawakurudi tena. Mali zao zilichukuliwa, na wote wawili walifia Zurich mwaka 1943. Helene Stöcker, aliyetetea haki ya mwanamke juu ya mwili wake, alikimbia naye akafia New York mwaka huohuo. Juchacz pia alikimbia.

Sera zenyewe ndizo hizi. Kuanzia 1933 wachumba walikopeshwa hadi Reichsmark 1,000, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, kwa sharti kwamba mke aache kazi ya mshahara, na kila mtoto aliyezaliwa alifuta robo ya deni. Mwaka 1934 nafasi za wasichana kuingia vyuo vikuu ziliwekewa kikomo cha asilimia 10. Mwaka 1936 wanawake walizuiwa kuwa majaji na mawakili. Desemba 1938 ikaanzishwa nishani ya uzazi, ya shaba kwa watoto 4, ya fedha kwa 6, ya dhahabu kwa 8. Na ile mimba aliyoizungumzia Limbaugh? Kumtoa mimba mwanamke aliyehesabiwa kuwa wa damu safi lilikuwa kosa kubwa, na mwaka 1943 adhabu yake ikafika hadi kifo. Upande wa pili, sheria ya Julai 1933 iliruhusu kuwafunga kizazi kwa nguvu wale walioitwa hawafai kuzaa, nao walifikia kama 400,000, wanaume na wanawake. Mei 1939 ikafunguliwa Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake kaskazini ya Berlin. Walipitia humo wanawake zaidi ya 120,000.

Gloria Steinem, mfeministi wa Marekani, alilijibu neno hili kwa historia hiyohiyo, na hadi leo sijaona jibu la upande wa pili lenye uzito.

Wanawake Wanazi walikuwepo, hilo lisifichwe. Gertrud Scholtz-Klink aliongoza jumuiya ya wanawake wa chama, na mahubiri yake yalikuwa nyumba, jiko na watoto. Angeitwa mfeministi angeona katukanwa.

Kuna njia ya kulipima neno bila kuuliza limemuuma nani. Likanushe. Chukua "Asha si mvivu". Asha kasafishika, na hakuna kilichobaki. Sasa sema "Asha si feminazi, anadai haki yake tu". Asha kasafishika, lakini sentensi imepitisha kimyakimya kwamba mafeminazi wapo, na kwamba kudai haki kukizidi kipimo fulani unaanza kufanana na wauaji. Kipimo anakishika nani? Msemaji. Ligeuze swali: "Kwani wewe ni feminazi?" Tuhuma iko palepale. Litie sharti: "Angekuwa feminazi nisingemwoa." Bado ipo. Neno ambalo tuhuma yake inabaki salama kwenye kukanusha, kuuliza na kuweka sharti, tusi lake liko ndani. Sauti ya msemaji huongeza au hupunguza ukali, haiwezi kulitoa.

Linganisha na jina letu wenyewe la kejeli, Beijing.

Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake ulifanyika Beijing tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995. Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, Mtanzania wa Ukerewe. Serikali 189 zilipitisha mpango wa utekelezaji wenye maeneo 12. Wajumbe waliporudi, jina la mji lilikuwa limeshapata kazi nyingine mitaani: "Usiniletee Beijing ndani ya nyumba hii." "Mke wa fulani ni wa Beijing, mwache alivyo." Mwanamke aliyeuliza mshahara umekwenda wapi aliambiwa kaharibiwa na Beijing, hata kama mbali alikowahi kufika ni Morogoro. Ilikuwa kejeli ya kweli na ilifanya kazi yake, yaani kumnyamazisha mtu bila kujibu alichouliza.

Hata hivyo si tusi lenyewe kwa lenyewe. Mongella huitwa Mama Beijing, na ni heshima. Ukisema "sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zilikuja baada ya Beijing", kejeli yote imekwisha, limebaki tukio na tarehe. Tena Beijing ina waraka. Anayelitumia kukejeli unaweza kumfungulia yale maeneo 12 na kumwuliza ni lipi analolikataa: umaskini, elimu ya wasichana, afya, ukatili, vita, uchumi, uongozi? Eneo la herufi J ni vyombo vya habari, na linagusa jinsi mwanamke anavyosawiriwa humo, kwa hiyo hata kejeli yenyewe imo kwenye waraka. Mzaha wa Beijing huishia hapo mara nyingi, maana wachache watakaosimama mbele ya watu wakasema wanakataa elimu ya wasichana. Feminazi haina waraka wa kufungua. Ukiuliza "amefanya nini hasa?" utapewa neno lingine la kejeli.

Aina nyingine ni ukweli unaotumiwa kama jiwe. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wabunge walisema kundi lake ni la wanawake walioachika. Ni kweli alikuwa kaachana na mumewe. "Aliyeachika" si tusi. Tusi lilikuwa kulileta kwenye mjadala wa bustani. Hapo hukanushi chochote, unauliza talaka na miti vinahusiana vipi. Jengo halikujengwa.

Hoja mbili za utetezi zinastahili kujibiwa kwa uzito, mengine nayaacha.

Ya kwanza: Waingereza na Wamarekani husema pia "Nazi wa sarufi" kwa mtu anayesahihisha nukta na mkato za wenzake, na hakuna anayelia. Basi "Nazi" limepoa, limekuwa na maana ya mtu mwenye msimamo mkali. Kuna ukweli hapa. Neno hupoa likitumiwa sana, na kijana anayeandika "feminazi" chini ya picha huenda hafikirii kambi yoyote. Lakini msahihishaji wa sarufi hakunyimwa chochote na Wanazi. Jina lile kwake ni chumvi iliyozidi tu. Mfeministi anafananishwa na watu waliovunja vyama vya wafeministi wenzake na kuwafukuza nchini. Pia kutojua hakubadili kilichosemwa, hubadili lawama. Kijana asiyejua hastahili kushambuliwa, anastahili kuelezwa, na maelezo ya dakika mbili yanatosha.

Ya pili ni nzito zaidi: ufeministi ni msimamo, mtu hazaliwi nao. Kumkejeli mtu kwa msimamo wake ni siasa ya kawaida, si sawa na kumtukana kwa kabila. Kisheria hoja hii ina mguu. Sheria ya Kenya ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inapotaja kauli za chuki inahusu kabila, rangi, uraia na asili ya mtu, na wafeministi hawamo. Nami sitaki waingizwe, kwa sababu serikali zetu zikipewa kazi ya kulinda misimamo isitukanwe, msimamo wa kwanza kulindwa utakuwa wa serikali. Lakini "si kosa la jinai" na "si tusi" ni mambo mawili. Na tazama linakotua. Mwanamume akiandika makala ya kutetea ufeministi huitwa msaliti au mtumwa wa mke, mara chache sana feminazi. Mwanamke asiye na msimamo wowote, aliyekataa tu kutongozwa, huitwa feminazi siku hiyohiyo. Jina la msimamo lisilotazama msimamo ni jina la jinsia.

Huwa inaulizwa, basi kwa nini wanawake wasilichukue wakalivaa, kama walivyofanya Waingereza? Tarehe 10 Januari 1906 gazeti la Daily Mail liliwaita wanawake wa chama cha Emmeline Pankhurst cha kudai kura, kilichoanzishwa Manchester mwaka 1903, "suffragettes". Kabla ya hapo jina la mdai kura lilikuwa "suffragist", na ile tamati ya -ette ilikuwa ya kuwadogosha, kama vile kusema vijidai kura. Wao wakalichukua, na mwaka 1912 wakaliita gazeti lao jina hilohilo. Lilivalika kwa sababu halikuwa na tuhuma ndani. Lilisema "vidogo", nao wakasema sawa, tutaona udogo wetu. Kulivaa "feminazi" kunadai ukubali mzaha juu ya watu waliouawa, na anayeumia kwa mzaha huo si yule aliyekutukana.

Kwenye Kiswahili neno lina vituko vyake. Kwetu nazi ni ya kukunwa kwa mbuzi, na mtu ambaye hakusoma historia ya Ulaya husikia tui, hasikii Hitler. Ndiyo maana ukali wake hupotea njiani na watu wakalitumia kama "mwanamke mjeuri" tu. Wingi wake nao umekuwa "mafeminazi", wakati tunasema "Wanazi" na "wafeministi". Kuna wanaodai kwamba ma- hiyo ni ya dharau, kama ya majitu. Sikubali moja kwa moja, kwa sababu tunasema pia maprofesa, mameneja na madaktari bila dharau yoyote. Maneno ya kigeni ya watu huingia huko kwa wingi.

Kwa mhariri, kazi ni hii. Kama mbunge kalitamka na kulitamka ndiko habari, liandike, ndani ya alama za kunukuu, na jina la msemaji liwe kwenye sentensi ileile. Usiliweke kwenye kichwa cha habari. Watu hunakili kichwa peke yake na kukipeleka kwenye makundi ya WhatsApp, na huko alama za kunukuu huanguka njiani, ikabaki kana kwamba gazeti ndilo lililosema. Epuka kabisa "wale wanaoitwa mafeminazi". Hiyo -itwa humficha mwitaji. Wanaitwa na nani? Kama huwezi kumtaja, huna nukuu, una lako. Kamusi za Kiingereza huliwekea neno alama ya kwamba ni la kudharau. Mhariri wa Kiswahili hana sababu ya kuwa mlegevu kuliko kamusi.

Mtafsiri wa manukuu ya video, yale maandishi ya chini ya picha, ana taabu zaidi, kwa kuwa mstari mmoja kwa kawaida haupiti herufi 42 na msomaji ana sekunde chache. Makosa ninayoyaona ni matatu. "Wafeministi" humsafisha msemaji, mtazamaji hajui kama mtu katukanwa. "Wanawake wakorofi" hubakiza kejeli na kutupa Unazi, ambao ndio shina la tusi. "Wanazi wa kike" ndilo baya zaidi, kwa sababu Wanazi wa kike walikuwepo kweli, wakiwemo walinzi wa Ravensbrück, na mtazamaji atadhani ndio wanaozungumzwa. "Wafeministi hawa ni Wanazi" ina herufi 26 pamoja na nafasi, na vipande vyote viwili vimo. Likirudi mara ya pili kwenye video hiyohiyo, "feminazi" linatosha.

Kwa anayesimamia ukurasa au kundi na anataka programu ikamate neno lenyewe, vichujio vilivyotengenezwa kwa Kiingereza hukwama kwenye Kiswahili kwa namna mbili. Ukikiambia kitafute neno zima "feminazi", kitapitisha mafeminazi, ufeminazi na kifeminazi, kwa kuwa viambishi vyetu hushikamana na neno. Ukikasirika ukaweka "nazi" popote itokeapo, utafungia nusu ya ukurasa: wali wa nazi, kisha anazidi, wanazima, tunazijua, unazingatia. Weka "feminaz" kama sehemu ya neno, ongeza "femi nazi" na "femi-nazi", na zile za kubadili herufi kwa tarakimu kama "fem1nazi" na "femin4zi". Kinachokamatwa kisifutwe chenyewe, kiende kwa mtu akisome. Wengi wa watakaonaswa mwanzoni ni wanawake wanaonakili walichoandikiwa ili wakiripoti, na kichujio kinachofuta bila kusoma kitawafungia wao na kumwacha aliyewaandikia.